Gogo la Nyumba ya Mama

Tela lilikuwa limeegeshwa mlango ukitazama ziwa. Hilaria alikuwa na uhakika na hilo, kwa sababu yeye ndiye aliyelidai. Alisema kama ni lazima alale ndani ya sanduku la bati la mumewe, basi angalau akiamka aone maji ya Basotu, asione choo cha kambi. Asubuhi alipofungua mlango, aliona choo.

Alishuka taratibu, mkono mmoja tumboni, akalizunguka tela lote. Ule mkono wa chuma wa kulifungia kwenye gari, ambao jioni ulielekea nyuma ya kambi, sasa ulinyooka kuelekea njia waliyojia, njia ya Getanuwas. Ardhi ilikuwa laini kwa manyunyu, lakini hapakuwa na alama yoyote ya tairi kuburuzwa. Na gogo la kuzuia tairi lilikuwa palepale nyuma ya tairi, limebana kama lilivyobanwa jana.

“Alfredi,” aliita. “Umeligeuza tela usiku?”

“Niligeuze na nini? Mimi ni trekta?” Alfredi alijibu kutoka chini ya blanketi. “Umesahau tulivyoliegesha. Mimba inasahaulisha.”

Hilaria hakuwa amesahau kitu. Lakini alishazoea kuambiwa amesahau, amesikia vibaya, amekuza mambo. Alfredi Tluway, fundi wa kuchomelea wa Mbulu mjini, mwenyeji wa Nambis, alikuwa mtu wa kusikiliza sauti moja tu duniani, nayo ilikuwa ya kwake. Aliona kwenye simu video za Wazungu wanaosafiri na tela la kulala, leo kambi hii, kesho ile, akawaka. Akachomelea mabati na vyuma vya kuokoteza mpaka akapata kitu chenye magurudumu mawili, kitanda kimoja na dirisha lisilofunga, akakiita hoteli. Akasema atazunguka nacho kambi zote za Hanang, ajirekodi, watalii wakimwona mtandaoni wamfuate.

Na lazima mke wake awemo kwenye video, anapika, anacheka. Mke mwenye mimba ya miezi minne. Mke ambaye mwaka uliopita alipoteza mimba ya kwanza baada ya kupakiwa kwenye pikipiki mpaka Masieda na kurudi, safari ambayo nayo ilikuwa wazo la Alfredi. Muuguzi alimwambia safari hii apumzike. Alfredi alipoelezwa alijibu: “Kupumzika si ni kulala? Tela lina kitanda.” Kuna majibu yanayostahili kofi, na hilo ni mojawapo.

Walianzia Getanuwas. Kambi yenyewe ilikuwa uwanja uliofyekwa, choo cha shimo na pipa la maji, na aliyeiangalia alikuwa mfugaji wa Kidatoga, mtu mzima wa heshima, jina lake Gidahosh. Hilaria alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri, akawaonyesha mahali pa kuegesha. Kisha akanyoosha fimbo kuelekea ng'ambo ya uwanja.

“Hapa lala tu, hakuna shida. Ila pale ni nyumba ya mama yangu. Usichukue kitu pale. Hata kijiti.”

Alfredi akatazama. Aliona rundo la udongo lililokwenda juu kumpita mtu, limezungushiwa miti iliyosimamishwa, mingine imeanza kulala. Kwao Nambis, nyumba ya udongo ikishaanguka na mwenyewe akahama, miti yake ni kuni za yeyote anayepita. Basi yeye akaona gofu. Mzee alisema nyumba, naye akasikia gofu.

Hilaria alikuwa akimenya viazi karibu na pipa. Yote aliyasikia. Ndiyo maana jioni, alipoona gogo zuri limekaa nyuma ya tairi la tela, jeusi, laini kama mpini wa jembe la zamani, aliuliza limetoka wapi.

“Nimeokota barabarani,” alisema Alfredi bila kumtazama.

Akaondoka nalo alfajiri, likiwa limelala chini ya kitanda, na Hilaria akalala juu yake njia nzima.

Sasa pale Basotu, asubuhi ya tela kugeuka, manyunyu yalikuwa yamelowesha kuni za kambi zote. Alfredi alitaka kurekodi mkewe akipika uji kando ya ziwa. Moto ukagoma. Akachukua shoka, akalivuta lile gogo, akalipasua katikati. Lilitoa sauti ambayo Hilaria hakuipenda, sauti ya mtu anayevutwa kutoka usingizini. Nusu moja ikarudishwa kwenye tairi. Nusu nyingine ikaingia jikoni, ikawaka mara moja, bila kupulizwa.

“Unaona?” Alfredi alisema. “Kuni hizo.”

Moshi wake ulikuwa mzito na haukupanda. Ulimfuata Hilaria. Akihamia upande huu wa mafiga, unamfuata. Akienda ule, unamfuata. Ulinuka samli ya zamani, ngozi ya ng'ombe na ugoro. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na kila alipovuta pumzi aliuvuta wote. Uji ulipoiva aliunywa, kwa sababu ana njaa na mtoto ana njaa. Alfredi alikataa, akasema una harufu ya moshi.

Kuanzia hapo Hilaria alianza kuwa na hasira. Msinielewe vibaya, sababu alikuwa nazo tangu zamani. Lakini zamani hasira yake ilikuwa inakuja, inakaa kidogo, inaondoka kwa aibu kama mgeni asiyekaribishwa chai. Hii ilikaa. Waliposhuka na tela kuelekea Katesh, gari likidundadunda na kila mdundo ukigonga nyonga zake, alimtazama mumewe akiimba huku anaendesha, na mikono yake mwenyewe ikajikunja mapajani kana kwamba imeshika fimbo. Hakuwa amewahi kushika fimbo. Alijiogopa.

Kambi ya Katesh ilikuwa chini ya mlima, nayo ya kawaida tu: bomba moja, banda la kupikia, na mama mmoja aitwaye Bernadina aliyekaa getini akisuka ukili. Alfredi aliegesha tela mlango ukitazama mlima. Hilaria alikwenda bombani kuchota maji, akarudi na ndoo, jua halijazama bado. Mlango haukutazama mlima. Mkono wa chuma ulikuwa umeelekea magharibi, Getanuwas, na nusu ya gogo ilikuwa nyuma ya tairi, imebana.

Alfredi alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka hapo, mgongo kwa tela, akitazama video zake.

“Alfredi,” Hilaria alinong'ona. “Geuka.”

Akageuka. Safari hii hakusema habari ya mimba. Alisema ardhi ya hapo ina mteremko. Ardhi ya hapo ilikuwa sawa kama meza.

Walilala bila kuzima taa. Alfredi akakoroma, maana watu wa namna hii hawakosi usingizi. Hilaria alikaa macho, akaomba sala zote alizofundishwa kanisani, na kuelekea alfajiri ndipo aliposikia bangili.

Zilikuwa za shaba, nyingi, za kuvaliwa miguuni. Zililia mara moja nyuma ya tela, cha!, kisha kimya. Halafu tena, upande wa dirisha lisilofunga, na pamoja nazo kitu cha ngozi kikiburuzika kwenye majani, nyuzi nyingi nyembamba za ngozi. Harufu ya samli iliyochacha ikaingia, akaifunika pua kwa kanga, lakini harufu ilikuwa ndani ya kanga, na alipoitupa kanga harufu ilikuwa kwenye viganja vyake, na bangili zikaendelea kuzunguka, zikapita kichwani kwake, zikapita miguuni, zikapunguza mwendo zilipofika mlangoni kama mtu anayetafuta pa kuingilia nyumba asiyoifahamu, na Hilaria akasubiri kitasa kizunguke, akasubiri huku amelishika tumbo kwa mikono miwili, na kitasa hakikuzunguka, wala mlango haukufunguka, kwa sababu cha!, bangili zililia kwa mara ya mwisho, na hazikulia nje tena, zililia ndani, chini ya viganja vyake, tumboni.

Hakupiga kelele. Alishuka, akakimbia miguu mitupu mpaka getini, akamgongea Bernadina, mlinzi wa kambi.

“Shikamoo, mama. Nisaidie. Kuna kitu.”

Bernadina alitoka na shuka lake. Akavuta hewa mara moja, akamshika mkono. “Marahaba, mwanangu. Sema polepole. Mmelala wapi huko nyuma?”

“Basotu. Na kabla yake Getanuwas.”

“Mmebeba nini cha Getanuwas?”

Hilaria alisema hawakubeba kitu. Halafu akamwonyesha tairi.

Bernadina hakuligusa lile gogo. Mama yake mzazi alikuwa Mdatoga, naye alijua anachokiona. Aliinama, akamulika kwa simu. “Huu mti umepakwa samli,” alisema kwa sauti ya chini. “Miaka na miaka unapakwa. Mti wa barabarani nani ataupaka samli? Huu umetoka kwenye bung'eda. Kaburi la mtu mkubwa, lile linalojengwa kama kilima. Hawaiti kaburi. Wanaita nyumba.”

Nyumba ya mama yangu. Hilaria aliyasikia tena maneno ya Gidahosh, kila moja mahali pake.

“Hapa liko nusu,” Bernadina aliendelea. “Nusu nyingine iko wapi?”

Hilaria alifungua mdomo, na kilichotoka ni kilio. “Nimepikia uji, mama. Nimeunywa.”

Alfredi alikuwa ameshaamka, amesimama mlangoni na kaptula yake. Hakuulizwa na mtu, akaanza kujitetea mwenyewe. “Mimi ningejuaje? Aseme kaburi! Akisema nyumba, mimi nione kaburi? Wale Mang'ati hata Kiswahili hawajui.”

“Alikuambia usichukue hata kijiti,” Hilaria alisema. “Kijiti ni Kiswahili. Ukaniambia umeokota barabarani. Ukanilaza juu yake, Alfredi. Ukanipikisha nacho. Na hiyo Mang'ati yako ni tusi kwa Wadatoga, acha kuitamka.”

Alizungumza taratibu, na Alfredi akarudi nyuma hatua moja, kwa sababu nyuma ya sauti ya mkewe kulikuwa na nyingine iliyochelewa kidogo.

Bernadina alipiga simu Getanuwas kabla jua halijatoka. Walipofika huko mchana, Alfredi alitegemea kumkuta Gidahosh, amwombe radhi kiume, yaishe. Gidahosh alikuwepo, lakini mbali, na wanaume wote walikuwa mbali. Waliowasubiri uwanjani ni wanawake. Walikuwa wengi, wamevaa sketi za ngozi zenye nyuzi ndefu na bangili za shaba, kila mmoja na fimbo. Kwa Wadatoga, mwanaume akimkosea mwanamke kwa mambo ya uzazi, hashtakiwi kwa wanaume. Anashtakiwa kwa akina mama, na wanaume wenyewe wanakaa pembeni wakitazama chini.

Aliyeongoza alikuwa bibi mwembamba aitwaye Udagwenga. Hilaria alipiga goti kidogo. “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu. Kaa hapa, kivulini. Mumeo akae kule, juani. Chini.”

Alfredi akasema hawezi kukaa chini kama mtoto. Wanawake wakaanza kuimba. Haukuwa wimbo wa kufurahisha. Ulikuwa wimbo wa kumsema mtu, walimzunguka wakigonga fimbo ardhini, na kila walipomaliza ubeti, mmoja wao aliutafsiri kwa Kiswahili ili asipate pa kujifichia: wewe umevunja nyumba ya mama, wewe umempakia mwenye mimba kama gunia, wewe uliambiwa ukapuuza. Alfredi akakaa.

Nusu ya gogo ilitolewa chini ya tela, ikapakwa samli, ikarudishwa kwenye shimo lake kilimani. Tela likanyunyiziwa maziwa kila pembe. Alfredi akaambiwa ataleta dume jeusi la ng'ombe na asali, na atakandika nyumba ya mama kwa mikono yake mwenyewe.

“Sasa sema kosa lako,” Udagwenga alimwambia. “Mwambie mkeo, siyo sisi.”

Lilikuwa jambo dogo. Mtu mwingine angelisema, akainuka, akaenda kuchinja. Alfredi aliinuka bila kulisema. Uso wake ulikuwa umewiva kwa jua na fedheha.

“Ni wewe,” alimwambia Hilaria. “Ungenyamaza kule Katesh, haya yote yasingekuwepo. Umeniletea aibu mbele ya Mang'ati!” Akainua mkono.

Hakuwa amewahi kumpiga. Watu wa Nambis waliposimuliwa walilisema sana hilo, hajawahi kumpiga, kana kwamba ni sifa. Mkono ulikuwa juu, na Hilaria aliutazama, na kwa mara ya kwanza tangu safari ianze hakuwa na hofu hata chembe. Alikuwa na hasira tu, na hasira ile ilikuwa na mtu wa kuisaidia kuibeba.

Mdomo wake ukafunguka. Ilitoka sauti ya kizee, kavu, ikizungumza Kidatoga, lugha ambayo Hilaria hajui hata salamu yake. Haikupazwa. Ilizungumza kama mama mkwe anayehesabu makosa baada ya wageni kuondoka. Wanawake wote wakapiga magoti kwa pamoja. Kule mbali Gidahosh, mtu mzima mwenye mvi, aliziba uso kwa shuka akalia, kwa sababu sauti ile aliijua tangu ananyonya.

Mkono wa Alfredi ulishuka wenyewe. Ulibaki unaning'inia kama wa kuazima, na ukaning'inia hivyo mpaka jioni.

Sauti ilipokwisha, Udagwenga alijiburuza mpaka kwa Hilaria, akamwekea kiganja tumboni. Hakuonekana kuogopa. Alionekana kama mtu aliyepewa habari ya kumwonea mwenzake huruma.

“Amesema nini?” Hilaria alinong'ona.

“Amesema nyumba yake ilivunjwa. Tumeirudisha, anashukuru. Ila upande mmoja uliungua, na majivu hayasimamishi nyumba.” Bibi hakuondoa kiganja. “Amesema amepata nyumba nyingine. Ina joto. Ana mtu wa kukaa naye.”

“Mwanangu,” Hilaria alisema. “Bibi, mwanangu atapona? Mwaka jana nilipoteza.”

“Atapona kuliko watoto wote wa Nambis. Nani atamgusa?”

“Basi mtoeni huyo.”

“Kwenye mti tumemtoa. Kwenye tela tumemtoa. Ulipomnywa, mjukuu, hapo sisi hatuna fimbo ya kufika.” Akamfunga Hilaria bangili moja ya shaba mguuni, nyepesi, ya mtoto. “Usimwogope. Yeye hana ugomvi na wewe.”

Fausta alizaliwa msimu wa kuvuna mahindi, mzima, mnene, mwenye macho ya kukutazama mpaka ukakumbuka una shughuli kwingine. Muuguzi aliyemwosha aliuliza nani amempaka mtoto samli. Hakuna aliyempaka. Majirani wa Nambis walipokuja kumwona walimwita bibi, kama watu wanavyomwita kila mtoto wa kike mwenye uso wa kizee, wakacheka, na Hilaria akacheka nao kidogo.

Tela bado lipo. Limeegeshwa uani, kando ya zizi, na jiwe la kawaida nyuma ya tairi. Hakuna Mzungu aliyewahi kulala humo. Anayelala ni Alfredi. Alianza polepole, usiku mmoja mmoja, akisema mtoto anamkatisha usingizi. Sasa nguo zake zote ziko huko. Siku hizi halisogei, limetulia, na ni mahali pekee kwenye kiwanja chake anapothubutu kukoroma.

Juzi alirudi kutoka kazini na hasira zake za mjini. Chakula kilikuwa kimepoa. Akasimama mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe, akasahau, akapaza sauti kama zamani, ni mwanamke gani huyu, kutwa nzima amekaa, hata ugali wa moto hawezi. Hilaria alikuwa ameketi kwenye kigoda, mtoto mgongoni, anapepeta maharage. Hakuinua kichwa.

Harufu ya samli iliyochacha ikajaa chumba. Halafu, kutoka ndani ya kanga ya mgongoni, mahali ambapo hapakuwa na bangili yoyote, ikalia shaba. Cha!

Alfredi alikatika sauti katikati ya neno. Mkono wake wa kulia ukaanguka ubavuni, ukaning'inia. Juu ya bega la mkewe kichwa kidogo kilikuwa kimegeuka kumtazama, hakilii, hakipepesi.

“Nilikukataza kupiga kelele, Baba Fausta,” Hilaria alisema, akiendelea kupepeta. “Sasa umemwamsha bibi.”